Farasi Hachinjwi Matangani

Igawilo, Mbeya
14 Novemba 1954

Mjukuu wangu Lutengano,

Anayeandika ni Damari, mjane wa mwalimu Ezekia, kwa kuwa mimi kalamu sijui hata inashikwaje. Lakini maneno ni yangu, na nimemwambia asiyapambe.

Baba yako tumemzika siku nne zilizopita. Simu ya maandishi uliipata, najua, na najua bwana wako wa Iringa amekunyima ruhusa hadi Pasaka. Basi. Maiti haingoji ruhusa. Tulimlaza nyuma ya migomba, mchungaji akasema yake, watu wakala, wakaenda.

Ilikuwa hivi. Farasi jike wa bwana wa kahawa, kule Mbozi alikokuwa akifanya kazi, alimpiga teke la kifua ndani ya banda. Alikufa papo hapo. Wakamleta kwa lori la kahawa.

Sasa sikiliza kabla hujasikia kwa Saulo, mdogo wa baba yako, maana yeye atakueleza kwa kelele. Siku ya pili ya matanga bwana wa kahawa alikuja tena na lori lile, farasi kafungwa nyuma, bunduki iko mbele. Akaniuliza, "Mama, nimpige hapa uone?" Nikamwambia hapana. Akauliza ninataka nini basi. Nikamwambia aniachie huyo farasi. Akanitazama kama mtu anayetazama kichaa, akamshusha, akaondoka.

Saulo alitupa kofia chini. Kwetu dume la ng'ombe likiua mtu linachinjwa pale pale matangani, watu wanakula, neno linakwisha. "Na huyu auawe!" Nikamuuliza, "Ukishamuua utamla?" Akatema mate. Farasi halwi. Basi neno litakwishaje? Wazee watatu wamekaa uani kwangu, wamezungumza hadi chai ikaisha, hawajui. Mwisho wakasema mwenye neno ni mtoto wa marehemu. Kwa hiyo ni wewe. Ukija Pasaka utaamua, afe au aishi. Hadi siku hiyo yuko kwangu, kwenye zizi la ndama.

Sijalia. Wanawake wananitazama usoni wakingoja. Nakamua, nachemsha maziwa, jioni inafika. Wewe je, unakula?

Bibi yako,
Tupokigwe

*

Iringa
2 Desemba 1954

Bibi,

Shikamoo. Barua nimeipata. Mimi mzima.

Nimeisoma mara tatu na sikuielewa. Unampa majani mnyama aliyemuua mwanao. Wewe uliyemzaa.

Hapa Iringa masaisi wote, sisi watunza farasi, wanamjua baba, hata waliokuwa hawajamwona. Yotamu wa Mbeya, farasi hakuwahi kumshinda. Kazi hii nimeipata kwa jina lake, na farasi nawajua kwa mkono wake. Sasa wananipa pole halafu wanakaa kimya, kwa sababu ameshindwa mara moja, na mara moja inatosha.

Neno hili halina ugumu. Mwambie Baba mdogo Saulo anoe mkuki. Nikija Pasaka nitamaliza mwenyewe. Hadi hapo mfunge miguu ya mbele, na maji umpe mara moja kwa siku, ili nimkute mnyonge.

Kuhusu mimi, nafanya kazi. Nakula. Nimekabidhiwa dume dogo jekundu la farasi ambalo halijawahi kubeba mtu. Ni kaidi. Nalitia adabu kama baba alivyonifundisha.

Mjukuu wako,
Lutengano Yotamu

*

Igawilo
20 Desemba 1954

Lutengano,

Damari amenisomea mara moja, nikamwambia inatosha, nimeshiba.

Maji anakunywa anapotaka. Miguu haijafungwa. Wewe umepewa Pasaka. Siku za kabla ya Pasaka ni zangu.

Nikueleze ninavyoishi naye, ucheke, maana sijui kama bado unacheka. Siku saba za kwanza sikumgusa. Naingia na kigoda changu, nakaa mlangoni mwa zizi, nampa mgongo, napukuchua maharage. Yeye kule pembeni anatetemeka, ngozi inacheza kama maji yanayotaka kuchemka. Mimi napukuchua. Bakuli likijaa naondoka. Siku ya nane nikasikia pumzi ya moto kisogoni. Sikugeuka. Damari alikuwa nje ya ua akiomba Mungu kwa sauti, nikamwambia, "Nyamaza, mama, unamtisha mgeni." Tangu hapo naye nimemwita Mgeni.

Baadaye nikafanya kama ninavyofanya kwa ng'ombe. Ng'ombe nikimtaka aje namwonyesha chumvi. Nikamwonyesha kiganjani. Akaja! Kesho yake akaja mbio. Keshokutwa hakungoja kuonyeshwa: alinipekua kiunoni, akanipekua begani, akaikamata kaniki yangu kwa meno, akavuta, na mimi nikaenda nayo. Nikaangukia mavi yake, mwanamke mwenye wajukuu sita, kaniki imechanika hadi pajani. Na nani alikuwa anapita? Saulo. Nimempa furaha ya mwaka mzima.

Sijavunjika. Ila nimekwama. Sasa hanitaki mimi, anataka chumvi, na akiikosa ananiuma. Katika ukoo huu mjuzi wa farasi aliyebaki ni wewe. Nimekosea wapi? Usiniambie fimbo. Fimbo naijua.

Krismasi nitapika kidogo. Watu ni wachache.

Bibi yako,
Tupokigwe

*

Iringa
9 Januari 1955

Bibi,

Shikamoo.

Chumvi unaitoa mapema. Ukimwonyesha kabla, yeye ndiye anayekutuma wewe. Hiyo ni hongo, kama ya kumpa tarishi ili akufungulie mlango; kesho hafungui bila kitu. Ifiche. Ngoja mpaka afanye unachotaka, hata kidogo, hata kugeuza sikio tu, ndipo umpe, papo hapo. Ukichelewa kuvuta pumzi mbili, ameshafanya jambo jingine na ndilo atakalodhani umemlipia. Usimpe mkononi. Weka juu ya jiwe. Akikupekua, usimpige, usimwambie kitu, toka nje ufunge mlango.

Hili baba hakunifundisha. Nililiona kwa Mgiriki mmoja wa tumbaku mwenye punda wa mkokoteni. Hakuwa na fimbo. Watu walimcheka.

Nimekuandikia ili usivunjwe mbavu kabla sijafika. Sikuandika kwa ajili yake. Nitashuka kwenye basi Jumatano kabla ya Pasaka. Jumamosi nitafanya lililonileta.

Unauliza kama nalia. Hukuuliza, lakini najua unataka kuuliza. Hapana. Naamka, nalisha, nasafisha banda, giza linaingia. Ni kama mkono uliolaliwa.

Lutengano

*

Igawilo
13 Februari 1955

Lutengano,

Damari anasema kalamu yako imetoboa karatasi mahali pa neno "Jumamosi". Nimepapasa na kidole, kweli ni tundu. Unaandika kama mtu anayechimba.

Ndaga, asante kwa maneno yako. Yamefanya kazi. Mjinga nilikuwa mimi, farasi hakuwa mjinga.

Sasa hivi ndivyo tunavyofanya. Chumvi iko kwenye kibuyu mgongoni mwangu, haionekani. Nasimama. Akinyoosha shingo kunijia, pale pale natoa ule mlio wa ulimi wa kuitia vifaranga, tk, halafu naweka chumvi juu ya jiwe na kurudi nyuma. Mlio unafika kabla ya mkono wangu, mkono wa kikongwe ni mzito. Ameshaujua. Akisikia tk, masikio yanasimama, anajua lile alilofanya ndilo lenyewe. Wiki ile alinusa kiganja kitupu bila kuuma. Tk. Wiki hii nimemgusa shavu. Tk. Jana nimeweka gunia tupu mgongoni mwake, nikalitoa kabla hajachukia. Kabla, mjukuu wangu, sikungoja achukie. Hilo nimeligundua mwenyewe, hukuniambia.

Siku nyingine hataki. Namwacha. Tunakaa tu, yeye na mimi, mvua inanyesha. Sina mahali pengine pa kwenda.

Upande mmoja tu hajaniruhusu, huu wa kushoto, kuanzia bega hadi nyonga. Ana makovu pale, mengi, yamepandana, mengine ya zamani na mengine hayajaota manyoya. Na mdomoni, pembeni, pamechanika na kupona na kuchanika tena. Hilo tuliache.

(Bibi ameniambia nifute hayo ya makovu. Sikufuta. — D.)

Bibi yako,
Tupokigwe

*

Iringa
6 Machi 1955

Bibi,

Shikamoo.

Makovu gani? Nani alimpiga, bwana wa kahawa? Kama mzungu yule alimharibu farasi halafu akamkabidhi baba, basi kuna watu wawili wa kuulizwa. Nijibu wazi.

Dume langu dogo liliniuma wiki iliyopita, likanivunja kidole cha mkono wa kulia. Nimelilipa. Sasa likinisikia koridoni linagonga ukuta kwa mateke. Bwana anasema hadi Juni liwe linabeba mtu.

Jumatano basi linafika jioni. Usije stendi, nitatembea.

Lutengano

*

Igawilo
27 Machi 1955

Lutengano,

Umeniambia nijibu wazi. Keti kwanza.

Bwana wa kahawa hakumpiga. Alikuwa hamkaribii hata. Aliyekuwa na farasi yule asubuhi na jioni kwa miaka mitatu ni baba yako. Vitu vyake waliniletea kwenye sanduku: viatu, koti, Biblia, na kiboko. Kiboko kile kimesokotwa, na katikati ya msokoto mmeingia manyoya. Nimeyatoa na sindano. Ni manyoya ya Mgeni. Rangi ile ile.

Yotamu nilimzaa mimi, nikamnyonyesha, nikamlilia alipougua ndui. Nampenda hadi sasa, hata leo akiingia mlangoni nitampa chakula. Na mkono wake naujua. Farasi hakuwahi kumshinda, ndivyo wanavyosema huko. Kweli. Huyu alishindwa siku zote kwa miaka mitatu, akashinda siku moja.

Ndiyo sababu nilimtaka. Kama angepigwa risasi pale, watu wangesema mnyama mbaya amekufa, imekwisha. Nami nilikuwa namtazama kule nyuma ya lori, anatetemeka, nikajua.

Sasa ninakuogopea wewe. Una kidole kimoja kimevunjika na dume linalogonga ukuta. Hiyo hadithi naijua mwisho wake, nimeiosha maiti na kuivalisha.

Njoo. Ukimuua sitakushika mkono, neno ni lako na silirudishi nyuma. Nakuomba kitu kimoja tu: kabla ya mkuki uingie zizini peke yako, mikono mitupu, ukae naye kidogo.

Bibi yako,
Tupokigwe

*

Igawilo
18 Aprili 1955

Lutengano,

Umeondoka bila kunywa hata uji.

Uliingia zizini Jumamosi mchana na kutoka jua likiwa limeshuka. Mkuki ulikuwa umeegemezwa kwenye mgomba vile vile kama Saulo alivyouacha. Ukanipita. Nikasema, "Mwanangu." Ukachukua mfuko wako, ukashika njia ya barabarani, na siku ya Ufufuo tukaimba bila wewe.

Niliingia kumtazama. Alikuwa mzima, amesimama pembeni kabisa, amelowa jasho. Nilikaa naye siku tatu ndipo akala.

Saulo kila asubuhi ananiuliza kama neno limekwisha au halijakwisha. Nimjibu nini? Na mle ndani mlifanyiana nini, wewe na yeye?

Damari anakusalimu. Anasema ulikuwa mwembamba. Nilimwambia nami nina macho.

Bibi yako,
Tupokigwe

*

Iringa
8 Mei 1955

Bibi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuondoka vile.

Nitakuambia kilichotokea, ni kidogo tu. Niliingia mikono mitupu kama ulivyoniomba. Hakunikimbia mara moja. Alinyoosha shingo, akanusa hewa. Nikawaza, kumbe kweli kikongwe amemtuliza. Kisha nzi akanitua usoni, nikainua mkono kumfukuza.

Bibi, alikwenda pembeni na kuweka uso ukutani. Hakupiga teke. Aliweka uso ukutani, akakunja mgongo, akajikojolea, akangoja.

Nilimjua. Ndivyo nilivyokuwa nikisimama mimi, nyuma ya ghala la mahindi. Uso ukutani, kwa kuwa fimbo ya mgongoni ni nafuu kuliko ya usoni. Ukikimbia inaongezwa. Ukilia inaongezwa. Kwa hiyo unangoja. Nilikuwa nimelisahau. Sikulisahau, nililiita jina jingine, nililiita adabu. Nikakaa chini kwenye majani hadi jioni, na yeye hakugeuza uso hata mara moja.

Mwambie Baba mdogo Saulo neno limekwisha. Simuui. Akiniuliza kwa nini, mwambie ndivyo nilivyosema.

Sasa nina neno jingine, na hili ni lako. Kutoka ghala la baba hadi jiko lako ni hatua ishirini. Nilizihesabu Jumamosi nikiondoka. Ukuta wako ni wa mabua. Ulikuwa unasikia?

Sina hasira. Nimejitafuta ndani na sikuona kitu. Nauliza tu.

Lutengano

*

Igawilo
29 Mei 1955

Lutengano,

Damari ameniuliza kama ninataka tungoje wiki moja kabla ya kujibu. Nimesema tuandike leo, nikingoja nitatafuta maneno mazuri.

Nilikuwa nasikia.

Kila mara. Nilikuwa naijua hata idadi yake, kwa sababu nilikuwa napukuchua na kila pigo lilikuwa punje moja. Sikutoka. Nilijiambia ni mtoto wake, ni nyumba yake, mwanamke haingii kati ya mwanamume na mwanawe. Nilijiambia baba yake naye alimfanyia hivyo, na Yotamu amekuwa mtu. Mama yako alikuja jikoni kwangu mara mbili kunilalamikia, nikamwambia vumilia. Ukaambiwa alimfuata mwanamume Chunya. Uongo. Aliukimbia mkono, akakimbia na mimi niliyemwambia avumilie, na hakuruhusiwa kukuchukua.

Haya, lakini kubwa silo hilo. Kubwa nimeliona mwaka huu, kwenye zizi, nikiwa na kibuyu mgongoni.

Unakumbuka nilivyokuwa nakuita baada ya pale? "Lutengano, njoo ule." Unakuja, hulii, unaketi kwenye kigoda kidogo. Nakupa kipande kikubwa cha nyama kuliko cha watu wazima, na maziwa ya mtindi juu yake. Nilidhani nakupoza. Nilijisifu hata, nikasema huyu mtoto ana bibi. Lakini siku moja ulikuja unalia, unasema, "Bibi, Baba—", na mimi nikasogeza chungu kando, nikakuambia futa machozi kwanza. Ulipofuta ndipo nikakupa.

Wewe mwenyewe umeniandikia: kile alichofanya kabla tu ya chumvi, ndicho atakachodhani umemlipia.

Basi nilikulipa nini mimi? Nilikulipa kunyamaza. Miaka yote ile. Baba yako alikufundisha kuweka uso ukutani, na mimi nilikufundisha kuwa ukikaa hivyo bila sauti kuna nyama. Yeye alitumia kiboko, mimi nilitumia chungu, na chungu ndicho kilichoshika. Ndiyo maana baba yako amekufa na hukulia. Ndiyo maana unajitafuta ndani huoni kitu. Nilikuzoeza mimi, vizuri sana, kuliko nilivyomzoeza huyu farasi.

Siombi msamaha kwa barua. Barua ni rahisi, hata kalamu siishiki mimi.

Kwa Saulo nimesema. Ameuchukua mkuki wake, akaurudisha nyumbani. Jana nilimwona ameleta mzigo wa majani akautupa juu ya ua wa zizi bila kunisalimu.

Tupokigwe

*

Iringa
19 Juni 1955

Bibi,

Shikamoo.

Barua yako imekaa mfukoni wiki mbili. Nimejaribu kukukasirikia, nikashindwa. Nimejaribu kukusamehe, nikashindwa vile vile. Ipo tu.

Dume dogo bado halibebi mtu, na Juni inakwisha. Bwana ananitazama. Nimemwambia anipe hadi Septemba au ampe mtu mwingine, na mtu mwingine hana. Nakaa mlangoni mwa banda na kumpa farasi mgongo. Sina maharage, natengeneza hatamu. Masaisi wenzangu wanapita wanauliza kama nimeachishwa kazi. Jana farasi alisimama nyuma yangu muda wa kuvuta sigara moja. Sikuhisi furaha. Niliandika tarehe ukutani kwa mkaa.

Nitakuja Agosti, nimepewa siku nne. Nina maombi, na nakuomba uyashike yote.

Usipike siku hiyo. Usiniite kula. Usinipe kitu mkononi, hata maji, nitachota mwenyewe. Nitakaa uani. Nikinyamaza, usiniulize. Nikianza kusema, niache niseme hadi nimalize, hata kama ni kwa kulia, hata kama ni maneno mabaya juu yako, na usiniambie nifute macho. Sijui kama nitasema. Huenda siku nne zikaisha nimekaa tu.

Najua kwako hilo ni gumu kuliko kulima.

Lutengano

*

Igawilo
3 Julai 1955

Lutengano,

Njoo. Sitapika.

Tupokigwe